SUA ipo chini ya mlima wetu, tuiendee na maswali yetu

Leo sitaandika juu ya nafasi za kupanda wala kipimo cha mbolea. Nataka kutoa maoni yangu kuhusu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kile tunachokiita SUA. Sababu ni jambo lililotokea kwenye mkutano wa kijiji hivi karibuni.

Ilisomwa barua ya kuomba kijiji kipokee watafiti wanaotaka kuwahoji wakulima wa viungo. Kabla mtendaji hajamaliza kuisoma, mzee mmoja akasimama. Akasema: "Mimi nimehojiwa mara nne. Wamepima shamba, wamechota udongo, wamenipiga picha na mkungu wangu wa ndizi. Hakuna aliyerudi. Safari hii wakitaka majibu walipe, la sivyo waende kwingine." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia: "Bwana shamba, wewe ndiye unayewaleta. Unasemaje?"

Siku ile nilijibu vibaya. Nilisema utafiti una manufaa, kisha nikakaa. Tangu hapo nimelifikiria jambo hili kila ninapopanda bodaboda kwenda vitongojini. Haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Mzee yule ana haki ya kukasirika. Watafiti aliowasema walitoka sehemu mbalimbali, vyuo na miradi, na sitataja hata mmoja. Lakini dawa aliyopendekeza haitatuponya. Tukifunga mlango, wao watakwenda kuhoji kijiji kingine, na sisi tutabaki na funza wetu kwenye machungwa, ukungu wetu kwenye pilipili manga na udongo wetu unaoshuka na mvua. Tatizo ninaloliona ni kwamba mara zote chuo ndicho kinachopanda mlima na swali lake. Sisi hatushuki na letu. Na kinapochukua jibu, hatukidai kilirudishe.

Tukijue kwanza chuo chenyewe

Wengi wetu tunaijua SUA kwa jina, au kwa banda lake la maonyesho ya Nanenane. Historia yake si ndefu na inatuhusu.

Mwaka 1965, miaka minne baada ya Uhuru, kilianzishwa Chuo cha Kilimo hapa Morogoro. Hakikuwa chuo kikuu. Kilitoa stashahada, yaani diploma. Kwa maneno mengine, kilianza kwa kufundisha watu wa ngazi kama yangu. Hili nitalirudia huko mbele, kwa sababu lilinigharimu.

Wakati huo Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha pamoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilipovunjwa mwaka 1970, Uganda ikabaki na Makerere, Kenya na Nairobi, na sisi na Dar es Salaam. Chuo cha Morogoro kikafanywa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kikaanza kutoa shahada. Mwaka 1974 ikaongezwa elimu ya misitu. Mwaka 1976 ikaongezwa tiba ya mifugo. Kisha tarehe 1 Julai 1984, kwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo, kitivo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea.

Jina lake lilitokana na msiba. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari hapa hapa mkoani kwetu, upande wa Dakawa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Haikuisha miezi mitatu, chuo kikaanza kikiwa na jina lake. Wafanyabiashara wakongwe wanamkumbuka kwa msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, na kila mmoja ana lake la kusimulia. Lakini Sokoine alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli, na chuo cha kilimo na mifugo kubeba jina lake ni jambo linaloeleweka.

Leo SUA ina kampasi kuu iliyolala chini ya Uluguru, na kampasi nyingine ya Mazimbu. Mazimbu ina historia yake. Palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa, Serikali ikawapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, nao wakajenga shule kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi. Wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979. Walipoanza kurudi kwao, mwaka 1992 wakaikabidhi kwa nchi yetu, na SUA ikapewa. Kwa hiyo majengo yale ni malipo ya wema ambao Watanzania, na watu wa Morogoro hasa, waliwafanyia wageni.

Nasema haya ili tuelewane jambo moja. Chuo hiki ni cha umma. Kilijengwa kwa kodi na kwa jasho, kikapewa kazi ya kilimo, mifugo na misitu. Hizo ndizo kazi zetu sisi. Mkulima anapofika pale getini hajaenda kuomba msaada kwa tajiri, amekwenda kwenye ofisi ya umma.

Kimefanya nini kwa mtu wa jembe?

Swali hili niliulizwa na kijana mmoja dukani, na ni swali la haki. Nitataja machache ninayoyajua.

La kwanza ni maharage. Kama umewahi kupanda mbegu inayoitwa SUA 90, au Rojo, au Mshindi, au Pesa, hizo zilitafitiwa na kutolewa na SUA. Watu wengine wanazila kila siku bila kujua zilitoka wapi.

La pili ni mbuzi wa maziwa wa Mgeta. Ndugu zetu wa upande wa pili wa mlima walipokea mbuzi wa asili ya Norwe miaka ya 1980, kwa kazi iliyofanywa na SUA pamoja na Wanorwe. Kule juu kuna baridi na mashamba ni madogo, ng'ombe hana pa kusimama. Mbuzi wa kufungwa bandani anayetoa maziwa alipatana na mahali pale. Hadi leo ukienda Mgeta utamkuta.

La tatu litawashangaza. Watafiti wa SUA walikuwa wakishughulika na panya waharibifu, hawa wanaofukua mahindi yetu yakiwa bado mbegu. Mwaka 2000 shirika la Kibelgiji liitwalo APOPO likaweka kambi yake hapo chuoni na kuanza kufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Cambodia akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Panya buku huyu huyu tunayemtega sisi.

La nne ni MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima. Ulianza mwaka 1993 hapa Morogoro, wakulima wenyewe wakisaidiwa na watu wa SUA waliotaka wakulima wa mikoa mbalimbali wakutane na kubadilishana maarifa. Leo mtandao huo ni wa nchi nzima, na kauli mbiu yake ni kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe.

Ukiangalia mbuzi na MVIWATA utaona kitu kimoja. Pale wakulima walipokuwa na haja yao na wakakaa mezani tangu mwanzo, kazi ilidumu hata baada ya fedha za mradi kuisha.

Mlima huu una kumbukumbu

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui, na wataalamu wageni hawalijui kabisa. Ukitaka kuelewa kwa nini watu walimpigia makofi yule mzee, rudi nyuma hadi mwaka 1950.

Mwaka huo serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuzuia mmomonyoko Uluguru. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Sababu yenyewe ilikuwa ya kweli, udongo ulikuwa unashuka, na maji ya mto Ruvu yanatoka huku. Lakini ililetwa kwa amri na faini. Kazi ya kuchimba ilikuwa kubwa, na katika mashamba mengi udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mahindi yakadumaa. Watu wakaanza pia kuogopa kwamba ardhi za koo zao zinaandaliwa kunyang'anywa. Julai 1955 kule Matombo watu wakakusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa hapo.

Kumbe upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza, matuta yalikubalika na yakabaki. Mlima ni ule ule na jembe ni lile lile. Tofauti ni kwamba kule matuta yalipatana na udongo na yakaleta fedha mkononi, huku yalikuwa adhabu.

Kwa hiyo mzee wa Kinole anapomwangalia mtaalamu kwa jicho la pembeni, si ujinga. Babu yake aliwahi kuambiwa "fanya hivi" na watu wasiomwuliza chochote. Nasi maafisa ugani tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunaposimama mbele ya watu na kutoa maelekezo.

Kosa langu mwenyewe

Sasa niseme langu, maana si vizuri kuwanyooshea wengine kidole wakati mimi mwenyewe nina doa.

Misimu michache iliyopita wakulima kadhaa waliniletea machungwa yaliyoiva nje, ndani yana funza. Kuna mama mmoja wa hapa anayenunua machungwa mashambani, anayapanga kwenye matenga na kuyapeleka Dar es Salaam. Alikopa kwenye kikundi chao akanunua mzigo. Alipofungua matenga sokoni, machungwa yalikuwa yamelainika, ukibonyeza yanatoa maji. Dalali akamwambia mzigo hauna bei. Alirudi na nauli tu.

Aliponiuliza, nilimwambia awaambie wakulima wake wapige dawa ya wadudu matunda yanapoanza kuiva. Wakapiga. Msimu uliofuata hali ikawa ile ile, na safari hii fedha za dawa nazo zilikuwa zimekwenda. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, mimi bado nadaiwa." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Kwa nini sikuwa nimekwenda kuuliza SUA tangu msimu wa kwanza? Nitasema ukweli. Niliona aibu. Nina diploma. Nilijiambia nikifika pale kwa maprofesa wataniuliza, "Wewe bwana shamba, hili hulijui? Umesoma wapi?" Nikaona heri ninyamaze. Kwa ajili ya aibu yangu, mama wa watu akapoteza mtaji mara mbili.

Mwishowe nilikwenda. Nilibeba machungwa kumi kwenye ndoo ndogo, kila moja nimeliandika limetoka shamba gani. Aliyenipokea hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza machungwa yamechumwa siku ngapi zilizopita, shamba liko mwinuko gani, dawa gani ilipigwa na ilipigwa lini. Akapasua moja, akanionyesha tundu dogo kama la sindano kwenye ganda. Akayaweka mengine kwenye chombo chenye mchanga. Baada ya siku chache funza walikuwa wameingia mchangani na kugeuka vipande vidogo vya kahawia, na baadaye wakatoka nzi.

Ni nzi wa matunda. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Funza wakishaanguliwa humo, dawa unayopiga nje ya ganda haiwafikii. Unachofanya ni kumwekea sumu mlaji. Funza wakikomaa hudondoka, au huanguka pamoja na tunda, wakaingia ardhini, na kutoka hapo ni kizazi kipya cha nzi. Aina moja mbaya zaidi ni mgeni kutoka Asia, aliyegundulika Afrika Mashariki mwaka 2003. Na kumbe watafiti wa SUA walikuwa wamekwisha kutundika mitego kwenye miteremko ya Uluguru, kuanzia chini hadi juu, wakihesabu nzi hao. Waliona kwamba mgeni huyu ni mwingi zaidi maeneo ya chini yenye joto na hupungua kadiri unavyopanda. Jibu la mama yule lilikuwa limeanza kutafutwa kwenye mlima wetu wenyewe. Mimi, afisa ugani wa mlima huo, sikuwa nimeuliza. Kosa hilo ni langu.

Tunachofanya sasa ni hiki, nanyi mnaweza kuanza leo:

1. Okota matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki. Usiyaache chini ya mti na usiyatupe kwenye rundo la mboji.
2. Yafukie kwenye shimo, juu yake kuwe na udongo usiopungua nusu mita. Au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, uanike juani siku kadhaa mpaka funza wafe.
3. Chuma tunda mapema linapokomaa, usisubiri liive kabisa mtini.
4. Tumia mitego yenye chambo. Chambo cha kuvutia madume husaidia kujua kama nzi wapo na kupunguza idadi yao. Njoo ofisini nikuonyeshe namna ya kutundika.
5. Fanyeni pamoja na jirani. Ukiokota peke yako, nzi wa jirani watakutembelea kesho.

Nzi hawajaisha. Lakini mama yule amerudi barabarani na matenga yake, na sasa yeye ndiye anayewakagua wakulima wake kama wameokota.

Namna ya kwenda na swali

Kuuliza si ujinga, ila swali likienda mikono mitupu hurudi mikono mitupu. Ukitaka chuo kikusaidie, beba kitu cha kupimwa na maelezo yake.

Kwa udongo: tembea shamba kwa kukatakata kona kama herufi Z, chimba sehemu 10 hadi 15 kwa ekari, kina cha sentimita 20. Epuka penye majivu, kichuguu, zizi la zamani au chini ya mti. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, isiwe ndoo iliyobeba mbolea. Chukua kiasi cha kilo moja, anika kivulini, funga kwenye mfuko safi. Andika jina lako, kitongoji, zao ulilolima mwaka jana na mbolea uliyoweka. Shamba lenye miteremko miwili tofauti ni sampuli mbili. Vipimo vya maabara vina gharama, hivyo ulizia bei kwanza. Kikundi kikichanga, mzigo ni mwepesi.

Kwa mmea unaougua: usilete jani lililokauka kabisa. Leta sehemu inayoanza kuugua pamoja na sehemu nzima, ukiifunga kwenye gazeti. Piga picha shamba zima. Kumbuka tarehe ulipoona dalili.

Kwa mnyama: SUA ina hospitali ya wanyama. Usisubiri mbuzi akate roho. Andika ameacha kula lini na amepewa dawa gani.

Kwa mfanyabiashara: usidhani chuo cha kilimo ni cha mwenye jembe peke yake. Pale kuna wataalamu wa sayansi ya chakula na wa kilimo biashara. Kama pilipili manga au iliki yako inashika ukungu stoo, au mnunuzi anakukata bei kwa madai ya unyevu, hilo ni swali halali kabisa la kupeleka. Mzigo wa viungo ukikataliwa, hasara inaanza kwako na kurudi hadi kwa mkulima.

Anayeweza kusoma kwenye simu, ajue kuwa maktaba ya SUA ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, na kwenye mtandao wake kuna mkusanyiko wa machapisho ya Kiswahili uitwao Mkulima. Asiye na simu kubwa aje ofisini, tutasoma pamoja.

Na mwenye mtoto anayesoma sayansi, asidhani pale ni pa watoto wa mjini. SUA hutoa pia stashahada, si shahada tu. Mtoto wa Kinole anayeijua karafuu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake ana kitu ambacho mwenzake hakupata darasani.

Daftari la watafiti

Sasa nirudi kwa mzee na hoja yake ya malipo. Mtafiti akikushikilia nusu siku wakati wa palizi, ni haki akufidie muda wako. Hilo sipingi. Lakini tukianza kuuza majibu, tutawapa majibu wanayoyapenda ili waje tena, na utafiti wa uongo utatoa ushauri wa uongo utakaoturudia wenyewe. Malipo ya kudai hasa ni matokeo.

Napendekeza Serikali ya kijiji iweke daftari moja tu, liitwe daftari la watafiti. Kila anayekuja, awe wa SUA, wa chuo kingine au wa mradi, aandike mambo matano. Jina na taasisi yake, pamoja na barua yake ya kibali. Swali lake kwa Kiswahili, lisizidi ukurasa mmoja. Anachochukua, kama ni udongo, matunda au picha. Tarehe atakayorudisha majibu. Na mwisho, swali moja la kijiji atakalobeba kwenda nalo.

Mtu aliyechotewa udongo apewe vipimo vyake kwenye karatasi. Kijiji kisomewe matokeo kwenye mkutano, kwa lugha yetu. Asiyerudi, jina lake libaki kwenye daftari, na taasisi yake ikileta barua nyingine tutaifungulia ukurasa ule. Sioni kama hapo tutakuwa tumemkosea adabu mtu yeyote.

Najua kuna watakaosema tutawafukuza watafiti. Sidhani. Mtafiti wa kweli anataka kazi yake itumike. Na mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo kwa vitendo atajifunza mapema kwamba mkulima ni mwenzake katika kazi.

Kwa SUA nami nina ombi, na nalitoa kwa heshima. Utafiti mkubwa unaishia kwenye vitabu vya Kiingereza vilivyopangwa rafuni. Kila tasnifu iliyofanyika mlimani ingeambatana na kurasa mbili za Kiswahili, zikaletwa ofisi ya kata, sisi maafisa ugani tungezisoma mikutanoni. Chuo kilianza mwaka 1965 kwa kuwaandaa watu wa stashahada. Sisi bado tupo huku, tunasubiri cha kubeba.

Na kwa mzee wetu wa mkutanoni: shikamoo. Ulisema kweli kwamba hakuna aliyerudi. Naomba mkutano ujao usimame tena, safari hii useme swali lako mwenyewe ni lipi. Kama ni mkungu wa ndizi unaosinyaa, nitakuja kuuona. Tukishindwa wawili sisi, tutaufunga kwenye gazeti, tutashuka nao asubuhi na gari la kwanza, na ukurasa wa kwanza wa daftari utakuwa na jina lako.

Ofisini nipo Jumatatu na Ijumaa asubuhi. Siku nyingine nitafute mashambani. Kazi njema.